Baiti 20

Ukichukua kitu kitupu kabisa, kisicho hata na jina la faili, ukakibana kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa data, faili inayotoka ina baiti 20. Kumi za kichwa, mbili za kusema hakuna kitu ndani, nane za mkia. Hesabu hiyo naijua kama ninavyoijua namba yangu ya simu, kwa sababu Jumamosi moja ya Mei 2017 niliketi mbele ya skrini hapa Kisumu nikaiona imejipanga kutoka juu hadi chini: 20, 20, 20, 20. Faili 72. Kila moja ilikuwa bekapu, yaani nakala ya akiba, ya usiku mmoja ya duka tulilofanyia kazi watu tisa, na hazikuwa na chochote ndani.

Sikusomea kompyuta. Niliajiriwa kuwa karani wa mauzo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, si mbali na soko la Kibuye. Mabati, saruji, misumari, rangi, mabomba ya maji. Chini ya kaunta, kati ya makatoni ya bawaba na kasha la vitabu vya risiti, ndiko seva ilikokaa: kompyuta ya kawaida tu yenye mfumo wa Ubuntu, iliyotunza databesi ya mauzo. Fundi aliyeiweka akapata kazi Nairobi, akaaga, akaenda. Mwenye duka, ambaye sote tunamwita Mama, alitutazama makarani mmoja mmoja kisha akasema, "Atieno, wewe ndiwe unayeandika upesi. Hiyo mashine ni yako sasa."

Nilijifunza kwa Jaduong'. Ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima huku kwetu, na jina lake halisi ataendelea kulitumia mwenyewe. Alikuwa na saiba Kondele, chumba kimoja chenye mashine sita za wateja, na ya saba pembeni iliyohesabu dakika zao. Hiyo ya saba haikuwa na kipanya wala picha. Ilikuwa na kishale tu kinachowaka na kuzima. Jumamosi tulifunga duka saa saba mchana, nami nikapanda boda hadi kwake na daftari la kurasa 200.

Siku ya kwanza alinipa amri ya kunakili faili. Nikaandika, nikabonyeza Enter. Kishale kikashuka mstari mmoja, kikasubiri. Nikaandika tena. Kimya vilevile. Nikamwambia, "Jaduong', imekataa."

"Imekubali, nyathina," akanijibu. "Ingekataa ingesema."

Akavuta kiti akanieleza, na maelezo hayo bado nimeyaandika daftarini. Unix, mfumo wa kompyuta ambao Ubuntu inafuata mtindo wake, ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Walifanya kazi kwenye teletaipu, mashine zinazochapa majibu kwenye karatasi, na Teletype Model 33 ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Mtu akisubiri maneno marefu ya kumwambia kwamba kazi imekwisha salama, jua litamchwea hapo hapo. Ndiyo maana majina ya amri ni mafupi, ls, cp, mv, rm, na ndiyo maana amri ikifaulu hunyamaza.

Sababu ya pili nilikuja kuielewa baadaye, na naiona nzito kuliko ya kwanza. Mwaka 1973 Thompson alitia paipu ndani ya Unix, baada ya Doug McIlroy kuidai kwa miaka. Kwa paipu, kinachotoka kwenye programu moja kinaingia moja kwa moja kwenye nyingine. Programu ya kwanza ikianza kutoa salamu na maelezo, maneno hayo yote yataingia kwenye hesabu za ile ya pili. Kwa hiyo kila programu ina milango miwili ya kutokea: mmoja wa matokeo, mwingine wa malalamiko. Paipu hushika mlango wa matokeo. Malalamiko hupita upande, yaende kwenye skrini kama kuna mtu aliyekaa mbele yake.

Kama kuna mtu. Maneno hayo nilikuja kuyakumbuka kwa uchungu.

Lakini kabla ya uchungu kulikuwa na furaha, na ningekuwa mwongo nikiiruka. Mama alitaka kujua kila mwezi ni bidhaa zipi zinazotoka sana. Karani aliyenitangulia alikuwa anakaa na kikokotoo na rundo la risiti kwa siku nzima. Nikatoa mauzo ya mwezi kwenye faili yenye safu zilizotenganishwa kwa koma, nikaandika:

cut -d, -f3 mauzo.csv | sort | uniq -c | sort -rn | head

Kata safu ya tatu, panga, hesabu zinazofanana, panga tena kubwa zikae juu, nionyeshe kumi za kwanza. Haikumaliza hata sekunde. Mabati ya geji 30 juu, misumari ya inchi tatu ya pili, na kadhalika hadi kumi. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akasahau kuinywa.

Mara ya kwanza nilikuwa nimeiacha ile sort ya mwanzo, nikaona mabati yakitokea mara nyingi nyingi, kila mara na idadi ndogo. uniq hulinganisha mstari na jirani yake wa juu tu, hairudi nyuma. Ni kama kuhesabu risiti: lazima kwanza uziweke za mabati pamoja na za rangi pamoja. Na rangi nayo ilinifunza la kwake. Mtu aliyeingiza bidhaa alikuwa ameandika "Rangi, nyeupe, lita 4", na kwa cut kila koma ni ukuta, kwa hiyo rangi nyeupe yote ilipotea kwenye hesabu hadi nilipoyasafisha majina. Tangu siku hiyo sisomi jumla yoyote bila kuangalia mistari michache ya data yenyewe kwa macho yangu.

Mambo ya alama za kunukuu nitayasema kwa kifupi, kwa kuwa kila anayeandika skripti, yaani faili ya amri za kuendeshwa pamoja, atayapitia. Faili ikiitwa "invoisi za Mei.pdf" nawe ukaandika $f, alama inayobeba jina hilo, bila alama za kunukuu, Bash, programu inayosoma amri zako, itaona faili tatu: invoisi, za, na Mei.pdf. Ukiwa unanakili, utapata malalamiko. Ukiwa unafuta, unaweza kufuta kitu ambacho hukukitaja. Andika "$f". Kila mara. Na kwenye terminali, yaani skrini ya amri, hakuna kapu la taka la kwenda kupekua baada ya rm.

Sasa bekapu. Fundi aliyeondoka alituachia skripti ya mstari mmoja, nami niliiona nzuri kwa sababu niliweza kuisoma:

mysqldump duka | gzip > /mnt/akiba/duka-$(date +%F).sql.gz

Toa databesi yote ya duka, ibane, ihifadhi kwenye diski ya nje kwa jina lenye tarehe ya leo. Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, iliiendesha kila usiku saa nane, duka limefungwa na mji umelala. Kwetu Waluo, Atieno ni msichana aliyezaliwa usiku, na nilikuwa napenda kufikiria kwamba kuna kazi yangu inayoendelea saa hizo. Kila Jumatatu asubuhi niliandika ls /mnt/akiba, nikaona tarehe zimefuatana bila pengo, nikaweka tiki kwenye daftari.

Tarehe 8 Machi 2017 mfanyakazi mmoja aliacha kazi, na jioni hiyo nilibadilisha nenosiri la databesi. Nililibadilisha kwenye MySQL yenyewe, programu inayotunza databesi, na kwenye programu ya mauzo. Nenosiri la tatu lilikuwa kwenye faili iliyofichika, .my.cnf, ambayo mysqldump huisoma usiku. Hiyo niliisahau.

Tarehe 19 Mei, Ijumaa alasiri, upepo ulitoka ziwani, mvua ikaja nyuma yake, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. UPS yetu, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ilikuwa imezeeka, ikapiga kelele kidogo ikazima. Umeme uliporudi mara ya mwisho seva haikuwaka vizuri. Nikaandika dmesg, mistari ikashuka ikisema diski haisomeki sehemu fulani. Hapo nilifanya kosa ambalo bado linanichoma: niliendesha fsck juu ya diski inayokufa. fsck hurekebisha kwa kuandika, na diski iliyochoka ukiilazimisha kuandika unaimaliza. Jaduong' alipofika saa moja jioni, viatu vimelowa, aliichomoa, akaiunganisha kwenye laptopu yake na kuanza kuinakili kwa ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kuacha mbovu kwa mwisho. Ingekuwa hivyo tangu mwanzo huenda tungeokoa zaidi. Hadi asubuhi tulikuwa na vipande, na faili kuu ya databesi ilikuwa imetoboka katikati.

"Si kitu," nikamwambia. "Tuna bekapu."

Nikachomeka diski ya nje. Yeye hakuandika ls. Aliandika ls -lh, inayoonyesha pia ukubwa wa kila faili.

Sijui niieleze vipi ile safu ya 20. Alizungusha skrini juu, juu zaidi, hadi tarehe 8 Machi, na hapo ndipo tulipoona namba tofauti: megabaiti 11. Chini yake, usiku 72 wa baiti 20. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Nenosiri lilibadilishwa lini?" Kisha tukaenda kutafuta kwenye kumbukumbu za mfumo tulizookoa, na pale kwenye syslog, kila usiku saa nane, palikuwa na mstari ule ule:

(CRON) info (No MTA installed, discarding output)

Kila usiku mysqldump ilikuwa imekataliwa kuingia, na kila usiku ililalamika kupitia mlango wake wa malalamiko. Cron iliyashika malalamiko hayo itume kwa barua pepe, lakini seva yetu haikuwa na programu ya kutuma barua, kwa hiyo ikayatupa, ikaandika kwamba imeyatupa. gzip nayo ilipokea kitu kitupu ikakibana kwa uaminifu. Na hili ndilo ambalo kila mtu anayeanza skripti ningependa alisikie kabla hajalipia: paipu ikiisha, jibu la kama imefaulu ni jibu la programu ya mwisho. Kila amri ikimaliza huacha namba, na 0 maana yake ni salama. mysqldump iliacha namba ya kushindwa. gzip iliacha 0. Ikabaki 0.

Mama alifika saa tatu asubuhi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Nilitarajia anifute kazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Atieno, ulihesabu mifuko, ama ulisoma noti?"

Nilimwelewa papo hapo. Lori la saruji likifika kwetu, utingo huja na dilivari noti inayosema mifuko 600. Mama haisaini. Anavuta kigoda, anakaa mlangoni na kijitabu, anahesabu mifuko ikipita mgongoni mwa vijana mmoja mmoja, na huwa anabonyeza baadhi kwa kidole gumba ajue kama ndani ni unga au jiwe. Nimemwona akifanya hivyo kwenye mvua. Mimi kila Jumatatu nilikuwa nimesoma noti. Majina ya faili ni noti.

Tulirudisha bekapu ya Machi kwenye diski mpya, na wiki kumi zilizobaki tukaziandika upya kwa mkono kutoka kwenye nakala za kaboni za risiti na taarifa za M-Pesa. Makarani wanne walibaki na mimi kila jioni kwa zaidi ya wiki mbili. Mama alituletea chai na mandazi na kulipa nauli za usiku. Risiti zilizolowa hatukuzipata zote. Kuna wateja wa mkopo ambao deni lao halikuandikwa popote pengine, na wengi wao walikuja wenyewe kusema wanadaiwa kiasi gani. Wengine hawakuja.

Skripti niliyoandika baada ya hapo ilianza na mistari hii miwili, na hadi leo siandiki skripti yoyote bila hiyo:

#!/bin/bash
set -euo pipefail

Hiyo e inasema simama amri ikishindwa. u inasema simama nikitaja jina ambalo halina thamani, maana jina tupu kwenye amri ya kufuta ni balaa. pipefail inasema kama yeyote kwenye paipu ameshindwa, paipu nzima imeshindwa. Mstari wa juu una kazi pia: unasema skripti isomwe na Bash. Kwenye Ubuntu, sh si Bash bali ni dash, msomaji mwingine wa amri, na dash ya mashine yetu haikuijua pipefail. Nilipoteza jioni moja nikiendesha skripti kwa kuandika sh mbele yake, ikikataa kila mara, kumbe nilikuwa nimempa kazi mtu asiyeijua.

Halafu kuhesabu mifuko. Nilidhani gzip -t ingetosha, kwa vile hukagua kama faili iliyobanwa ni nzima. Nikaijaribu kwenye moja ya zile faili za baiti 20. Kimya. Yaani imepita, kwa sababu kitu kitupu kilichobanwa vizuri ni faili nzima kabisa. Nikakaa nikaiangalia ile skrini kwa muda. Kipimo ambacho kingepitisha kosa langu lile lile hakikunifaa kitu. Nikatafuta alama ndani ya bekapu yenyewe. mysqldump ikimaliza kazi yake huandika mstari wa mwisho unaosema imekamilika na tarehe. Kwa hiyo skripti yangu huandika kwanza kwenye jina la muda, hufungua, husoma mstari wa mwisho, na kuutafuta:

zcat "$muda" | tail -n 1 | grep -q "Dump completed"

Ikiukosa inasimama hapo. Ikiupata ndipo inapoipa faili jina lake la kudumu kwa mv. Kwa hiyo kwenye folda ya akiba hakuna jina lenye tarehe ambalo halijakaguliwa.

Ujumbe nao niliugeuza. Watu wengi hutaka mashine iwaambie ikiharibika. Yangu hunitumia barua pepe kila alfajiri ikiwa salama, yenye ukubwa wa faili na namba ya risiti ya mwisho iliyomo. Kama umeme umekatika, kama cron imelala, kama programu ya barua yenyewe imekufa, matokeo ni yale yale: simu yangu haina ujumbe. Nikiamka bila ujumbe natoka nyumbani Nyalenda mapema. Kuna siku natamani kuiona ile kimya kama Jaduong' alivyonifunza, dalili ya kukubali, na kwa cp na mv bado naiona hivyo. Lakini kwa kazi inayofanyika usiku bila mtu mbele ya skrini, kimya si jibu.

Nakala ya pili huenda kwa rsync, programu ya kunakili faili, nyumbani kwa Mama kila jioni, kwa sababu diski iliyokaa kando ya seva itaibiwa pamoja na seva. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote mwenye duka.

Na tarehe 1 ya kila mwezi nachukua laptopu kuukuu ambayo haina kazi nyingine, naunda databesi tupu inayoitwa jaribio, namimina bekapu ya usiku uliopita ndani yake, nafungua programu ya mauzo juu yake kana kwamba duka limeungua na hii ndiyo iliyobaki. Inachukua dakika kama ishirini. Mara mbili imenionyesha tatizo: mara moja herufi za majina ziliharibika wakati wa kurudisha, mara nyingine jedwali moja jipya halikuwa na ruhusa ya kusomwa na yule mtumiaji wa bekapu. Yote mawili niliyarekebisha duka likiwa wazi, wateja wakihudumiwa, hakuna aliyejua.

Jaduong' amefunga saiba. Watu wana intaneti mkononi siku hizi. Bado nampigia nikikwama, na bado hunijibu kwa kuniuliza kama nimesoma man, yaani mwongozo, ya hiyo amri. Kwa kawaida sijaisoma mpaka mwisho.

Mwezi huu tarehe 1 iliangukia siku ya lori. Mama alimaliza kuhesabu saruji, akaingia ndani akipangusa vumbi kwenye khanga, akasimama karibu na ile laptopu.

"Atieno, mifuko?"

Nikageuza skrini. Hakuiangalia kwanza. Alivaa miwani, akavuta kitabu cha risiti cha jana, akafunua hadi kaboni ya mwisho, akaweka kidole juu ya namba.

"Soma ya kwako," akasema.

Nikasoma tarakimu moja moja, naye kidole chake kikisogea.